Breka hailindi mtu: namna ya kukagua kinga za stima kwenye nyumba ya Lamu

Kila masika nikikaa barazani Langoni baada ya magharibi, maswali ni yale yale. "Fundi, friji yanirusha. Na breka si nilitiwa mpya?" Mwengine atanihakikishia kwamba breka yake ni kubwa, ya ampea 32, kwa hivyo hana wasiwasi. Wa tatu breka yake inashuka kila alfajiri, amechoka kuipandisha, na anataka nimtilie kubwa zaidi. Mimi ni fundi wa stima, nimeyajibu haya mpaka kahawa ikanipoa mkononi mara nyingi. Basi leo nayaandika, na ukiniuliza tena nitakutumia hii.

Shika jambo moja kabla hatujasogea. Breka ya kawaida, ile nyembamba iliyoandikwa B6, C16 au C32, kazi yake ni kulinda waya uliomo ukutani usishike moto. Wewe haikujui. Stima yetu ni ya volti 240, na mtu aliyelowa maji akishika laivu (waya unaoleta stima), mwilini mwake hupita kitu kama robo ya ampea. Kwa breka ya ampea 16 hiyo ni sawa na taa moja ya zamani ya wati 60. Haioni sababu ya kukata.

Kinachokulinda wewe ni kifaa chengine, RCD, ambacho pengine kimeandikwa RCCB. Hiki hulinganisha stima inayotoka kwa laivu na ile inayorudi kwa nyutro. Mfikirie nahodha wa boti aliyepakia watu kumi gati ya Lamu, akihesabu Mokowe akapata tisa: haulizi kitu, anazima injini. RCD ya nyumbani hukata stima ikipotea miliampea 30, na hutakiwa kukata ndani ya sehemu tatu za kumi za sekunde. Nadharia imetosha.

Vitu vya kuwa navyo

Kurunzi au tochi ya simu. Karatasi, kalamu na tepu nyeupe ya kuandikia. Kipima soketi, kile cha kuchomeka chenye taa tatu; maduka mengi ya vifaa vya stima wanacho na si ghali. Viatu vya raba vilivyo vikavu. Mtu wa pili nyumbani, awe mkubwa. Fanya kazi hii mchana, na ambia watu wa nyumbani mapema, maana utawazimia.

Bisibisi iache mahali pake. Katika hatua zote zilizo hapa chini hakuna hata moja ya kufungua kifuniko cha boksi. Hata ukizima swichi kuu, waya zinazotoka kwa mita kuja kwenye swichi hiyo bado zina stima kamili, na hapo ndipo "mafundi wa nyumbani" hupata ajali. Mita na lakiri yake ni mali ya Kenya Power; usiguse. Kazi ya ndani ya boksi ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia mambo ya nishati. Mwambie akuonyeshe. Mwenye nayo hakasiriki.

Hatua

1. Tafuta boksi la breka ulisome. Mulika kurunzi. Utaona swichi kuu, pana, ya 63A au 100A. Utaona breka ndogo zimepangwa safu. Sasa tafuta kifaa chenye kitufe kidogo kilichoandikwa T au TEST. Kama kipo, soma ubavuni: 30mA au 0.03A ndiyo unayoitaka. Ikiwa imeandikwa 100mA au 300mA, hiyo imetiwa kupunguza hatari ya moto na haitoshi kumlinda mtu.

   Kosa ninalolikuta sana ni mtu kuonyesha swichi kuu akaniambia hiyo ndiyo RCD. Bila kitufe cha kujaribia, si yenyewe.

   Na ukikuta boksi la zamani lenye fyuzi za kuchomoa, zile za waya ndani, usiendelee kuhangaika na hesabu. Nyingi nimezikuta zimefungwa nyuzi nene za shaba na mtu aliyechoka kuzibadilisha. Boksi hilo libadilishwe lote.

2. Bonyeza kitufe cha T. Zima kwanza kompyuta na kitu chochote kisichopenda kukatikiwa ghafla. Stima lazima iwepo, la sivyo kitufe hakifanyi kazi. Bonyeza mara moja: kijiti kinatakiwa kushuka papo hapo na nyumba kuzimika. Kipandishe tena. Kisiposhuka, RCD hiyo ni pambo. Mpigie fundi leo.

   Hewa yetu ya chumvi hukwamisha chemchemi za ndani, kwa hivyo mimi nasema kila mwezi. Mwezi ukiandama, bonyeza. Ni rahisi kukumbuka hivyo.

   Jihadhari na hili: kitufe kinajaribu RCD peke yake. Hakikuambii kitu kuhusu athi ya nyumba yako, yaani waya wa kupeleka stima iliyovuja ardhini.

3. Chora ramani. Shusha breka moja, mtu wa pili azunguke akupigie kelele ni nini kilichozimika. Andika, ipandishe, nenda ya pili. Bandika tepu kwa kila moja: "taa za juu", "soketi za jikoni", "pampu ya kisima". Nyumba zetu za mawe zimegawanywa na kurithiwa mara nyingi, kwa hivyo usishangae ukikuta maajabu. Nimeshakuta chumba cha wikio (kile kilichojengwa juu ya kichochoro) kinachokula stima ya nyumba ya upande wa pili wa kichochoro, na wenye nyumba zote mbili hawajui, kila mmoja amnung'unikia mwenzake kwa tokeni kwisha haraka. Waya wa namna hiyo ni hatari: unashusha breka zako zote ukidhani umemaliza, na chumba bado kina stima.

4. Linganisha breka na waya. Waya wa milimita mraba 1.5 wa taa unataka breka ya 6 au 10. Waya wa 2.5 wa soketi ulionyooka, yaani unaokwenda bila kurudi, unataka 16 au 20. Ukiwa ni mzunguko unaotoka kwenye boksi na kurudi hapo hapo, 32. Shawa ya kupasha maji au jiko la stima, kwa kawaida ni waya wa 6 na breka ya 32. Unene wa waya huwezi kuuona bila kufungua, kwa hivyo andika namba za breka kwenye ramani yako, na fundi akija umuulize waya wa kila moja ni wa ngapi.

   Hapa ndipo penye ombi la "nitilie kubwa zaidi". Sikutilii. Breka si ya kukata pale pale mzigo unapozidi kidogo: ya 20 inaweza kubeba ampea 25 kwa muda mrefu, na viwango vinairuhusu ichukue hadi saa nzima kukata ikifika 29. Sasa ukitia ya 32 kwa waya wa 2.5 usiorudi, waya utaiva ndani ya ukuta kabla breka haijastuka. Na juu ya ukuta huo kuna boriti kavu, pengine na makuti.

5. Hesabu mzigo wa jikoni. Chukua wati zilizoandikwa chini ya chombo, gawa kwa 240, hizo ndizo ampea. Jagi la stima la wati 2000 ni ampea 8.3. (Nasema jagi, maana nikisema birika mtu wa Lamu atafikiria lile la chooni lenye samaki.) Pasi ya wati 1200 ni 5. Maikrowevu ya namna hiyo, 5 nyengine. Friza la samaki, 1 hivi. Jumla umepita 19, na breka ya soketi ni ya 20. Ukiongeza mashine ya kufulia, inashuka, na imefanya kazi yake.

   Ekstenshoni ni hesabu yake mbali. Ina matundu manne au sita, lakini plagi yake ni moja, na fyuzi ya plagi ni 13A. Yote kwa pamoja ni wati 3100 tu. Ile ya kuzungusha kwenye gurudumu, ikunjue yote kabla ya kutia kitu kizito. Ikiwa imekunjwa inajipika.

6. Tazama fyuzi za plagi. Chomoa kwanza kwenye soketi. Chombo chini ya wati 700, kama feni, taa ya meza, redio: fyuzi ya 3A. Zaidi ya hapo, 13A. Ukikuta msumari au karatasi ya sigara iliyokunjwa badala ya fyuzi, tupa plagi nzima.

7. Pima soketi zote. Chomeka kipima soketi, soma taa kwa mujibu wa jedwali lake. Kitakuonyesha kama athi haipo, au kama laivu na nyutro zimebadilishana. Andika kila soketi mbovu kwenye ramani.

   Athi inataka maneno zaidi, maana watu wa visiwani tuna mikosi nayo miwili. Upande wa Shela kwenye mchanga mkavu, rodi ya athi inakaa kwenye ardhi isiyopitisha stima vizuri. Huku mjini karibu na maji, ardhi inapitisha, lakini chumvi inaila rodi na kibanio chake mpaka kinabaki unga wa kijani. Tuseme rodi yako ina omu 20 (omu ni kipimo cha namna stima inavyozuiwa kupita), ambayo si mbaya sana. Laivu ikigusa bati la friji, stima inayokwenda ardhini ni 240 kugawa kwa 20, yaani ampea 12. Breka ya 16 haishuki. Friji inabaki na stima kwenye mlango, ikimngojea mtu aje peku kutoka kuoga. RCD yenyewe inaona ampea 12, ambazo ni mara 400 ya kinachohitajika kuikatisha, na inakata. Ndiyo maana kwa nyumba zetu RCD siihesabu kuwa anasa.

   Nenda katazame rodi yako. Waya umeshika? Kibanio kizima? Nyumba nyengine athi yake ilifungwa kwenye paipu ya chuma ya maji miaka iliyopita, kisha paipu ikabadilishwa ya plastiki na hakuna aliyekumbuka. Na wale wanaomwaga maji ya chumvi shimoni ili namba ishuke: inashuka kwa muda, na rodi inaliwa mbio zaidi. Omu zenyewe hazipimwi kwa kipima soketi. Fundi awe na mita ya athi.

8. Zunguka nje na darini. Soketi na taa za nje ziwe na alama ya IP65 au zaidi, yaani haziingizi vumbi wala maji ya kurushwa. Tazama kutu, maji ndani ya kioo, siafu. Vichochoroni tazama paipu za waya zilizo usawa wa kiuno: punda aliyebeba mawe hukwaruza ukuta pande zote mbili akipita, na nimebadilisha paipu moja ile ile mara tatu mpaka nikaihamisha juu. Chini ya makuti usiache waya wala kiungio kilicho wazi.

9. Mwite fundi, ukiwa na ramani mkononi. Mwambie unataka nini badala ya kumuuliza auze nini.

   Nyumba ndogo, RCD moja ya 30mA mbele ya breka zote inatosha, ila ujue ikishuka nyumba nzima imezimika. Mwenye nyumba ya wageni au friza la samaki, namshauri RCBO: hiki ni breka na RCD ndani ya mwili mmoja, na kila mstari unakuwa na chake. Taa ya bustani ikilowa, friza linaendelea. Ni ghali zaidi, lakini piga hesabu ya changu na nguru wa wiki nzima waliooza. Ikiwa una mashine ya kufulia au eyakondishena ya inveta, RCD au RCBO yake iwe ya aina ya A, si aina ya AC. Alama ya aina imechapwa mbele yake; mwambie fundi akuonyeshe. Umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika, RCD haikusaidii. Hapo kunatakiwa kilinda friji cha kungojea dakika chache kabla ya kuwasha, na kwa nyumba yenye vyombo vya thamani, kinga ya mishtuko ya volti ndani ya boksi.

   Kama uko ndani ya Mji wa Kale, ulioingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2001, usimruhusu fundi achimbe chokaa na zidaka (vishubaka vya ukutani) kupitisha waya kabla hujauliza ofisi ya Makumbusho. Paipu ya juu ya ukuta ikipangwa vizuri haichukizi.

   Kazi ikiisha, mwambie akupimie mbele yako: RCD imekata kwa muda gani, na waya hazivuji. Kipimo cha uvujaji kisipungue omu milioni moja. Akisema vipimo havina haja, malipo nayo yangoje.

   Breka za bandia zipo nyingi. Tazama alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, pima uzito mkononi. Iliyo nyepesi kama ganda la korosho irudishe.

Mambo yakienda mrama

*RCD imeshuka na haikubali kupanda.* Chomoa kila plagi nyumbani. Kuzima swichi ya soketi hakutoshi. Shusha breka ndogo zote. Pandisha RCD. Ikikaa, pandisha breka ndogo moja moja. Ile inayoiangusha ndiyo yenye mstari mbovu. Zikikaa zote, rudisha plagi moja moja. Mara nyingi mchawi ni pasi, jagi au pampu.

*RCD haikai hata breka zote ndogo zikiwa chini.* Breka nyingi hukata laivu peke yake, nyutro inabaki imeunganishwa. Nyutro ikigusa athi mahali fulani, RCD inaweza kushuka hata hivyo. Hii ni ya fundi. Iliwahi kunila kutwa nzima nikitafuta laivu inayovuja, kumbe ni nyutro iliyobanwa na skrubu nyuma ya soketi, tena soketi niliyoifunga mwenyewe.

*Inashuka alfajiri tu.* Umande. Anza na taa za nje na za darini, kisha pampu, kisha friji linaloyeyusha barafu lenyewe, ambalo kipashio chake hujiwasha bila wewe kujua.

*Breka ndogo inashuka papo hapo ukiipandisha.* Hiyo ni shoti. Usijaribu mara ya tatu. Ikishuka baada ya dakika kadhaa, ni mzigo. Rudi hatua ya 5.

*Ganzi ukigusa friji au kompyuta, na hakuna kinachoshuka.* Chomoa. Karibu kila mara soketi hiyo haina athi. Vyombo vingi vya kisasa vina vichujio ndani ambavyo, athi ikikosekana, hulipa bati volti kama 120. Stima yake ni kidogo sana kushusha RCD, ila mwenye kuisikia hasahau. Usipuuze, maana siku chombo kikiharibika kweli, hutakuwa na athi ya kukutoa.

*Harufu ya plastiki au soketi yenye rangi ya kahawia.* Waya umelegea. RCD haioni hili, wala breka haioni, kwa sababu stima inakwenda na kurudi yote sawasawa bila kuzidi, ila inapita mahali pembamba na kupiga moto. Shusha breka ya mstari huo na usiutumie mpaka ufungwe upya.

*Mtu ameshikwa.* Kwanza shusha swichi kuu. Usimguse kabla. Kama swichi iko mbali, simama pakavu umsukume na ubao mkavu. Ikiwa hapumui, piga kelele za msaada uanze kumkandamiza kifua. Hata akiinuka akicheka, apelekwe hospitali, moyo wake ukapimwe.

Na kuna kitu RCD haiwezi: ukishika laivu kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwengine, ukasimama juu ya kigoda kikavu, stima yote inarudi sawa na RCD inakuona wewe ni taa. Ndiyo maana nimekwambia bisibisi iache.

*Breka zote ziko juu, RCD iko juu, T haifanyi kitu, na nyumba ni giza.* Tazama mita kabla hujanipigia. Nimeshakwenda Matondoni kwa mguu, jua la saa saba, na mkoba wa vifaa begani, nikakuta tokeni zimekwisha.